Kompyuta Iliyolala Kabatini

Kwako Dada Salma,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute hapo Fumba umekaa kibarazani unapunga upepo, shemeji kashakula kashiba, na mguu wako ule umeacha kukusumbua. Mie huku Kopenhageni mwili mzima, alhamdulillahi. Baridi imeanza kuuma masikio, na kule kwenye udobi wa hospitali bado tunafua mashuka ya watu tusiowajua. Kilichoumia ni uso. Ungeniona leo, nimejiinamia kama mwari.

Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa kukupigia siwezi. Utacheka, na kicheko chako wewe husikika hata simu ikishakatwa.

Unakumbuka nilivyojitapa na ile kompyuta niliyowanunulia Baba na Mama. Ile yao ya mwanzo ilipoliwa na chumvi ya bahari pale nyumbani Malindi, nilimwuliza Mama, "Nikununulieni ya namna gani?" Akanijibu, "Yoyote, mwanangu. Ukituletea weye ni nzuri." Basi! Nikakata simu, mbio dukani.

Dada, mie mtoto wa nyumba ile. Nimelelewa nikijua kwamba kwetu jawabu la kwanza ni adabu, la pili ni haya, la tatu ndilo jawabu. Mgeni akisema "nshakula" huondoi sahani. Unamkaribisha tena na tena mpaka anawe mikono. Mama mwenyewe, Baba akimwuliza anataka kanga gani ya Idi, husema "yoyote", na ole wake Baba arudi na yoyote. Yote hayo nayajua. Lakini huku mtu akisema hapana, watu huondoa sahani. Na mie nshazoea kuondoa sahani.

Muuzaji akaniuliza wazee wanapenda nini. Nikasimama kama mtalii aliyepotea sokoni Darajani. Mwisho nikachagua niliyoipenda mie: nyembamba, nyepesi, rangi ya fedha, nzuri kwa safari. Safari gani? Safari ya Baba ni kutoka kitandani hadi barazani, na njiani hupumzika. Nikampa rafiki yangu mmoja aliyekuwa akija Unguja, akawafikishia. Mama akasema, "Mashaallah, kama kioo!" Nikavimba. Kazini nikawa nawafundisha wenzangu namna ya kuwachagulia wazazi kompyuta.

Tangu hapo kila Ijumaa baada ya sala tunaonana, picha safi, na mie wimbo wangu mmoja: "Mnaona tofauti? Mnaona?" Nao, "Tunaona, mwanangu."

Ijumaa iliyopita kompyuta ilikaa upande, nikaona nyuma ya Mama pazia la kijani.

"Mama, mmebadilisha mapazia?"

"Ee," akasema, akamtazama Baba.

"Tumebadilisha," akasema Baba, akatazama dari.

Mara akapita Bi Shemsa, yule jirani wa ghorofa ya juu, na sinia la chai, akamwambia Mama, "Bi Rukia, mkimaliza na hiyo kompyuta yangu, nami mjukuu wangu wa Mskati ananingoja."

Baba akamgeukia: "Shemsa, umetuumbua."

"Nimekuumbueni nini? Kwani hajui kama mnapanda kwangu?"

Mama ndiye aliyeanza kuniomba radhi. Yeye, dada! "Usikasirike, mwanangu. Yako ipo kabatini pamoja na vikombe vya wageni, nimeifunika kitambaa nilichodarizi mwenyewe. Nyembamba kama mkate wa chila, naogopa kuivunja. Herufi zake kama sisimizi, babako hazioni. Nikiigusa kidogo tu, sura yako inakimbia."

Ngazi ile ya mbao unaijua. Mie kijana nilikuwa naipanda nimeshika kamba. Sasa fikiri Mama na magoti yale, na Baba nyuma yake na mtoto wa jicho, amemshika kanga asianguke. Wanapanda ili wanisikilize nikijisifu kwa kitu kilichofunikwa kabatini. Nilitamani sakafu ipasuke.

Nawe ulijua! Wewe ambaye posa ya binti yako tuliisikia kabla haijaletwa, hili umelifunga kifuani. Mama kaniambia alikuapisha, hasha sikulaumu. Nakuonea wivu tu: wewe unaambiwa ukweli mara ya kwanza.

Nikamwuliza, "Mama, mnataka ya namna gani?"

"Hiyo inatosha."

"Mama, ya namna gani?"

"Usijisumbue, mwanangu." Nyuma nikamsikia Bi Shemsa anasonya.

Nikauliza mara ya tatu. "Mama, niambie."

Akayamwaga yote, kama aliyekuwa akiyangoja: iwe kubwa, nzito isiteleze, herufi nene Baba azione, sauti imfikie bila ya kutega sikio, na kipanya cha kushika mkononi, si cha kupapasa. Nimeipata. Muuzaji kaniambia imepitwa na wakati. Nikamwambia na mie pia.

Ataileta rafiki yangu yule yule. Tafadhali nenda Malindi, ukae nao mpaka Mama anipigie mwenyewe bila ya mkono wako. Ile nyembamba umwulize kama uichukue wewe. Atasema, "Ichukue tu." Mwulize tena. Pengine anaipenda pale pale, chini ya kitambaa.

Kabla ya kuagana, Mama akaniuliza anipe nini kwa huyo rafiki akirudi. Nikasema, "Chochote, Mama." Akauliza tena. Nikasema huku kila kitu kipo. Akauliza tena, papo hapo, wala hakujua kama kuna jambo kubwa analolifanya. Nikasema, "Achari ya ndimu, ile yako." "Enhe," akasema, "sasa umesema."

Nisalimie shemeji, mwambie baridi ya huku haimfai, abakie na pweza wake. Nisalimie shangazi yetu wa Jang'ombe na huyo mchumba wa binti yako. Bi Shemsa mpe mkono wangu wa shukrani, na umwambie sina kinyongo. Baba na Mama usiwasalimie. Nitawasalimia mwenyewe Ijumaa, wakiwa wamekaa kwao, chini, chai yao pembeni.

Ni mie mdogo wako, uso bado nimeuficha,
Nassor