Kamusi Chini ya Kitanda

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba goti halikusumbui tena kila ukiinuka kitini. Mama mwambie nakula vizuri, aache wasiwasi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna raha.

Nilikwambia nimechaguliwa kuzungumza kwenye mkutano wa wazazi. Basi nilitaka kuwakosha. Nikasema neno mwalimu limezaliwa na mwali wa moto, kwamba sisi ndio tunaowasha vichwa vya watoto. Nilipigiwa makofi mpaka nikakosa pa kutazama. Mkuu wa shule akamwita mchoraji, na sasa maneno yangu yako ukutani kwa rangi nyekundu, kando ya mlango wa ofisi. Kichwa kikanivimba, Baba.

Juzi msichana mmoja wa darasa langu, mpole sana, alinyoosha mkono. Alisema ametazama kamusi ya darasani, na humo neno hilo limetoka Kiarabu, ni ndugu wa elimu, na maana yake ni mtu anayemfanya mwingine ajue. Akauliza kwa adabu kama ukuta umekosea. Nikamwambia akishapata shahada arudi anifundishe. Darasa zima likacheka. Tangu hapo wenzake wanamwita Profesa, na mkono wake haujanyooka tena. Hata nikiuliza jambo ninalojua analijua, anatazama dawati.

Naona aibu kuandika yanayofuata. Yule mtoto alikuwa sahihi, na mimi nilijua. Wewe mwenyewe ulinieleza asili ya neno hilo, tukijalidi vitabu vyako pale mezani. Niliiacha kwa sababu habari ya moto ilikuwa tamu zaidi jukwaani. Na kamusi aliyoisoma ni ile uliyonipa nilipoajiriwa. Jioni ileile niliitoa kabatini nikaja kuificha chini ya kitanda changu, wasije wengine wakaisoma.

Kesho nitairudisha. Nitamwomba radhi mbele ya wote waliocheka, kisha nimfuate mkuu kuhusu ule ukuta. Naogopa, sikufichi. Ila naogopa zaidi kwamba mkono ule hautanyooka tena.

Nisalimie dada na wanawe. Ukinijibu, tafadhali juu ya bahasha usiandike Mwalimu kama ulivyozoea. Andika jina lile la nyumbani tu.

Mwanao,
Kitindamimba