Hawah Sebit, Mama Aliyekataa Kumtaja Mwuaji

Mama, mwaka umezunguka tangu ututoke, Agosti 1977, nasi bado tunalitaja jina lako kwa fahari.

Ulizaliwa Koboko, lakini Arua ilikujua kwa meza yako ya maktaba na kwa riwaya za upelelezi. Ulizisoma ukipika, ukimsuka binti yako Medina nywele, hata ukisubiri basi. Baba akilalamika kwamba maharage yanaungua, ulimjibu, "Ngoja kidogo, wamekaribia kumkamata."

Kila Jumamosi ulibandika mlangoni pa maktaba uhakiki wa kitabu kimoja, kwa gundi ya unga wa muhogo. Hukuwaonea haya waandishi. "Mpelelezi huyu alibahatisha tu. Wasomaji tuombwe radhi." Ila jina la mwuaji hukulitoa kamwe. Walimu walikuja kwa miguu kutoka Mvara kukusoma, kisha wakagombania kitabu chenyewe.

Mwaka 1974 uliandika juu ya riwaya ambamo mwenye duka anauawa na mji mzima unanyamaza. Mtu akapeleka maneno kambi ya jeshi kwamba unaisema Arua, na askari akaja na bunduki. Wewe hukutuambia. Ni mwenzako wa kazini, Drateru, aliyetusimulia baadaye.

"Nani naua hii mutu ya duka?" askari aliuliza. "Na nani nasema mji nanyamaza?"

"Iko ndani ya kitabu, afande. Keti, nikusomee."

Mwaka ule sote tulijua kwamba aliyeitwa nje na askari hakurudi. Drateru anasema ulimvutia kiti. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, nawe ukamgeuzia kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka wakati wa kufunga. Bunduki ilikuwa imeshalazwa sakafuni.

"Sasa sema. Nani aliua?"

"Hiyo sisemi, afande. Unataka kujua, kuja kesho."

Akaja, safari hii mikono mitupu. Mlipofika mwisho alipiga meza, akacheka kama mtoto. "Kumbe ndugu yake!" Halafu akauliza kama iko kitabu ingine.

Ulipolazwa, Medina alikusomea wodini kila jioni. Siku ya mwisho zilibaki sura mbili za kitabu kipya. Ulimshika mkono, ukamnong'oneza, "Ni daktari wa meno. Usimwambie Umaru, bado hajakisoma."

Baada ya arobaini yako Medina alizisoma zile sura mbili, peke yake, barazani. Alipofunga kitabu alilia, kisha akacheka.

Mama, ulipatia.

Tunaokukumbuka: mumeo Hamuza Igga, wanao Medina na Umaru, dada yako Sadiya na jamaa wote wa Koboko, Drateru na wasomaji wako wa Arua.

Mungu akurehemu. Hatujakusahau, Mama, wala hatutakusahau.