Alama ya Penseli Mlangoni

Mdogo wangu mpenzi,

Huku tu wazima, isipokuwa goti langu lenye maringo. Leseni ya kulea watoto nyumbani imetoka! Mkaguzi hakuacha kitu: alitikisa geti la ngazi, akainama kutazama soketi, akafungua hadi kabati la sabuni. Kisha akataka kuona chumba cha nyuma. Tangu tumzike mwanao, aliyekuwa akilala humo, sikuwa nimekifungua. Nikafungua.

"Kina mwanga," akasema. "Watalala hapa mchana. Ila paka rangi upya, mpaka fremu ya mlango."

Nimepaka kote, lakini nilipofika kwenye ile alama ya penseli uliyompimia mwanetu urefu, mkono ulikataa.

Sasa watoto wakiamka hujipanga pale kujipima, na wala sikuwafundisha. Jana kibonge mmoja aliifikia. Akashangilia, kisha akaniuliza, "Anti, mwenye alama hii sasa amefika wapi?"

Nikamwambia amekuwa mrefu, yuko kwa mama yake.

Nisamehe. Leo watoto wamemwachia mwenye alama godoro la karibu na dirisha, akirudi alale. Sijaliondoa.

Dada yako, ninayewasikiliza wakipumua.