Ukumbi Uliokuwa na Matanuri

4 Machi

Dada,

Salamu tele. Mimi mzima, na wateja wangu wazima, kasoro mmoja niliyemgusa sikio na wembe. Mama anaendeleaje na magoti?

Kile kiwanda cha mikate kilicho mkabala na kibanda changu cha kinyozi hakibomolewi tena! Kitakarabatiwa na kufunguliwa kama ukumbi wa watu wote. Kamati ya majengo ya kale ilikuja kuuliza historia yake, maana jengo hulindwa kwa yaliyotokea ndani. Nikaona nikisema "mikate" tu, wataaga. Nikawaambia wafanyakazi walikuwa wakikutana humo kudai haki zao. Waliandika mpaka kalamu ikakaribia kutoa moshi.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Magoti ya Mama yanasumbua, ulimi mzima kabisa. Nilipomsomea barua yako akauliza, "Mikutano ipi hiyo? Tulikutana mara moja, tena mvua ndiyo iliyotuingiza ndani!" Lakini alifurahi mpaka akalia. Amekanda unga pale tangu hatujazaliwa. Anataka kuja siku ya ufunguzi, ayashike tena yale matanuri mawili.

Hujayataja. Yapo?

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Nisamehe kimya. Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena. Natumaini hamjambo, mimi hata sijui nisemeje.

Msanifu majengo wa kamati anasema jengo litarudishwa kama lilivyokuwa enzi za mikutano. Historia waliyo nayo haitaji matanuri, kwa hiyo yatavunjwa, viti vipate nafasi. Nilikuwepo akiyasema hayo. Nikatazama viatu vyangu, kana kwamba ndivyo vilivyodanganya. Mimi mwenyewe nimewekewa kiti cha mbele.

Nikikanusha, kamati inaweza kuondoa ulinzi, na mwenye kiwanja atabomoa vyote. Usimwambie Mama.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Tu wazima. Sijamwambia. Ameshapiga pasi gauni la siku hiyo.

Wewe tangu utotoni ukitia chumvi, unatia ya kutosha mtaa mzima. Nenda kaseme ukweli. Wakibomoa, basi wabomoe mahali Mama alipofanyia kazi. Hiyo ni afadhali kuliko kuhifadhi ukumbi ambao hakuwahi kuingia.

Dada yako

14 Aprili

Dada,

Natumaini mmeamka salama. Mimi sijapata usingizi wa maana.

Nimesema yote, hata kwamba Mama alikanda unga humo. Mwenyekiti wa kamati alifunika kalamu yake taratibu. "Kinyozi, sisi tulikuamini." Afadhali angenitukana.

Tukaenda kiwandani pamoja. Tanuri moja limeshakuwa kifusi. La pili mafundi wameacha kulivunja likiwa limebomoka mdomo tu. Fundi akaweka nyundo chini, akaniuliza, "Sasa mama yako alikuwa akisimama upande gani?"

Jengo hili nalitazama kila siku nikinyoa watu, nimelitungia na historia, lakini sijawahi kumuuliza Mama alisimama wapi. Kamati nzima ilikuwa inaningoja, na safari hii sikubuni.

Wataamua mwisho wa mwezi kama kiwanda cha mikate tu kinastahili kulindwa. Mwenyekiti amesema wako tayari kumsikiliza aliyefanya kazi humo, si mimi tena.

Mwambie Mama yote, dada, hata la tanuri lililovunjwa, na aliyelivunja ni nani. Akishamaliza kunitukana, mlete. Msingoje ufunguzi.

Mdogo wako