Salamu Nilizomwambia Azitoe

Jumanne, saa kumi na moja jioni. Mvua ya tangu mchana imeacha barabara ya mpakani tope tupu, na foleni ya malori imefika karibu na hapa ninapoishi. Wanafunzi wangu wa leo hawakuja. Nimeshukuru, kwa sababu sina uso wa kumfundisha mtu.

Naona aibu. Nimeanza na hilo ili nisije nikazungukazunguka kama kawaida yangu.

Wanaosoma blogu hii wananijua: Wandera, mzaliwa wa Dabani, mwalimu wa kompyuta hapa Busia, mpenzi wa demo. Kwa aliyeingia leo, demo si mchezo na wala si filamu. Ni programu ndogo ambayo ukiiwasha, kompyuta yenyewe inachora picha na kupiga muziki papo hapo, kwa hesabu tupu. Utamu wote uko kwenye hilo papo hapo. Jumamosi tulikuwa na sherehe yetu ya kwanza ya demo, kule Tororo, kwenye ukumbi wa kanisa. Etyang, rafiki yangu aliyeiandaa, alitundika mablanketi madirishani ili mwanga wa mchana usiharibu picha, akaazima projekta, akaweka sheria mbili. Programu isizidi kilobaiti sitini na nne, yaani iwe ndogo kuliko picha moja ya simu. Na iendeshwe moja kwa moja mbele ya watu.

Mimi nilionyesha video.

Demo yangu niliipa jina Shimo la Tiira. Unashuka kwenye shimo la dhahabu, kama yale ya machimbo ya Tiira huku kwetu, taa ya kichwani inamulika kuta zilizolowa, na chini kuna maji yanayorudisha ule mwanga. Nimeiandika kwa miezi mitano. Kila mstari ni wangu, hilo naweza kuapa. Tatizo lilikuwa maji. Hesabu ya mwanga kwenye maji iliishinda laptopu yangu, ikawa inatoa picha mbili tu kwa sekunde, na picha mbili kwa sekunde si demo, ni mateso. Mtu mwenye akili angeondoa maji. Lakini mimi nilikuwa nimeshatangaza kwenye kundi letu kwamba nina maji ambayo hawajawahi kuyaona.

Kwa hiyo wiki iliyopita niliiacha mashine ichore picha moja moja, polepole, siku mbili mfululizo, kisha nikaziunga zikawa video. Etyang nilimpa programu yenyewe aipime ukubwa, akaipitisha. Halafu nikamwambia kwamba mashine ya ukumbi haitaiweza, aniruhusu nitumie laptopu yangu. Alikubali bila kuuliza swali.

Ni mimi huyu huyu niliyewahi kuandika hapa ukurasa mzima wa kumkejeli jamaa aliyeonyesha video akadai ni demo. Leo nimeitafuta makala ile nikaisoma. Imeandikwa vizuri sana.

Zamu yangu ilipofika nilibonyeza mara moja, nikarudisha mikono nyuma kama mtoto wa kwaya. Watu walidhani ni madaha. Ukweli ni kwamba ukikigusa kipanya kidogo tu, ule mstari wa kuchezea video unajitokeza chini ya skrini, na kila mtu mle ukumbini anaujua. Dakika tatu zile sikugusa kitu. Zilipoisha, watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Na mimi nikafurahi. Hapo ndipo panaponiuma kupaandika, kwamba katikati ya makofi yale sikuona aibu hata chembe. Nilijiona fundi kweli kweli.

Aibu ilikuja na demo iliyofuata.

Mama Athieno ni fundi wa kutarizi sokoni Tororo. Ana miaka hamsini na kitu. Anatia nembo kwenye sweta za shule na maua kwenye gomesi, yale magauni marefu ya heshima yenye mkanda mpana kiunoni. Mashine yake ya kutarizi inapokea michoro kutoka kwenye kompyuta, na miaka miwili iliyopita aliniandikia kupitia blogu hii akitaka kujua namna ya kubuni maua yake mwenyewe. Nikamfundisha, mara nyingi kwa simu, mara moja moja nikipita Tororo. Ananiita Mwalimu ingawa angeweza kunizaa. Sikujua kwamba angeshindana. Alikuja na flashi ndani ya pochi, amevaa gomesi ya kijani iliyopigwa pasi ikakaa, kama mtu anayekwenda harusini.

Demo yake ilikuwa uzi. Uzi mmoja mwekundu unaingia na kutoka kwenye kitambaa cheusi, mshono baada ya mshono, ukafanya ua, ua likawa mkanda wa gomesi, mkanda ukaanza kupepea. Muziki wake ulikuwa mlio wa cherehani aliourekodi na kuukatakata hadi ukachezeka. Kuna mambo mle ambayo sikumfundisha mimi. Nilijikuta nimekaa wima kwenye kiti.

Kisha zikaja salamu. Demo nyingi huwa na sehemu hiyo, majina ya watu ambao mtengenezaji anawakumbuka yakipita kwenye skrini. Kwa watu wa huku jambo lenyewe halihitaji maelezo, kwa kuwa tumekua tukisikiliza salamu redioni, fulani wa mahali fulani akimsalimu shemeji yake na wote wanaomfahamu. Mume wa mama Athieno, mzee Owori, fundi wa saa, alikuwa mtu wa kadi za salamu hasa. Alifariki mwaka juzi. Mama alichukua kadi moja ya zamani yenye mwandiko wake, akalipima jina lake kwa rula, nukta moja moja, akaziingiza namba zote kwenye programu kwa mkono. Aliniambia baadaye kwamba kazi hiyo peke yake ilimchukua mwezi. Pale kwenye skrini jina la Owori lilishonwa kwa mwandiko wa Owori mwenyewe.

Na baada ya jina lake likaanza la kwangu. Mwalimu Wandera wa Busia.

Hapo hapo ikaanza kukwama. Mshono, kimya. Mshono, kimya. Watu wakakohoa, mtu mmoja nyuma akacheka. Mama alisimama kando ya meza akiitazama mashine namna unavyomtazama mtoto wako anaposahau shairi mbele ya wageni. Muda wake uliisha kabla jina langu halijamalizika kushonwa.

Kura zilipigwa kwa vikaratasi ndani ya sufuria. Nikawa wa kwanza. Yeye akawa wa pili kutoka mwisho. Nilipewa cheti na kibodi yenye taa za rangi, nikapigwa picha nayo nikiwa natabasamu.

Wakati wa chai mama alinifuata nikiwa nakunja waya. Laptopu yangu na yake ni za aina moja, nilimchagulia mwenyewe.

“Mwalimu, hongera sana sana,” akasema. “Lakini mimi nataka kuuliza. Hii mashine yako na hii yangu iko sawasawa. Yako napita vizuri, yangu hata nyumbani nakwama. Sasa wewe nafanya namna gani?”

Jibu la kweli nilikuwa nalo tangu nikiwa kitini. Programu yake ilikuwa inaichora upya mishono yote ya nyuma kila inapoongeza mshono mmoja. Dawa yake ni kuitunza picha iliyokwisha kuchorwa na kuiongezea mshono mpya tu. Mistari mitatu, labda minne. Lakini ili nimwonyeshe ingenibidi nikae naye, tufungue mashine yake, na bila shaka angeomba tufungue na yangu tulinganishe. Hivyo ndivyo nilivyomzoesha. Ukikwama, linganisha na ya mwenzako.

“Ni zile salamu, mama,” nikamwambia. “Zinakula nguvu ya mashine. Zitoe.”

“Zote?”

“Zote.”

Akatoa daftari kwenye pochi, akaandika, akanishukuru.

Ningependa kusema kwamba jibu hilo lilinitoka kwa haraka. Halikunitoka kwa haraka. Nilitaka jina langu litoke pale. Nisingevumilia kufikiria kwamba kila atakapomwonyesha mtu demo yake, jina langu litakuwa pale likishonwa kwa uzi mwekundu kama jina la mtu wa maana. Na kwa kuwa sikuweza kumwambia atoe langu peke yake bila kueleza sababu, nilimwambia atoe yote.

Leo saa saba mchana ameniandikia. “Mwalimu, salamu yote mimi nishatoa. Hata ya mzee. Lakini bado nakwama. Natoa nini ingine?”

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa.

Nilimuuliza kama ana nakala ya ile ya mwanzo. Hana. Amekuwa akihifadhi juu ya faili lile lile siku zote, maana mwalimu wake alikuwa na shughuli nyingi za kumfundisha mambo ya kupendeza na hakukumbuka kumfundisha kutunza nakala. Nikampigia Etyang kuuliza kama faili la Jumamosi bado lipo. Akasema mashine ile ni ya kanisa, aliisafisha Jumapili kabla ya kuirudisha.

“Kwani kuna nini?” akauliza.

“Hakuna kitu,” nikasema. Nafasi ilikuwa mbele yangu kabisa, na bado nikasema hakuna kitu.

Mchana wote nimeshinda nikijitetea ndani ya chumba hiki. Kwamba msimbo ni wangu. Kwamba kwenye mashine nzuri ingeonekana vile vile. Kwamba hata mama alikuwa na kosa lake kwenye programu, video yangu haikulisababisha. Maneno mazuri tu, na kila nikiyapanga namwona yule mama ameinama juu ya kadi ya marehemu, anapima mkia wa herufi ya mwisho, kisha namwona siku nyingine anazifuta zile namba mstari kwa mstari kwa sababu Mwalimu amesema. Sijui aliona nini moyoni alipofika kwenye jina la mzee. Najua hakusita sana, kwa sababu ananiamini. Mtu mwingine angenipigia kwanza kuuliza.

Saa kumi nimempigia tena Etyang, nikamweleza yote.

“Wewe, Wandera?” akasema. “Wewe kabisa?”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema kibodi niirudishe, na kwamba watu wa kundi lazima wajue, ama awaambie yeye ama niwaambie mwenyewe. Nikasema nitaandika mwenyewe kwenye blogu. Basi haya ndiyo maandishi yenyewe. Jamani, mlionipigia kura, nilionyesha video. Mliosimama kupiga makofi, samahani.

Lakini mama hakustahili kuyasoma hapa kwa mara ya kwanza, pamoja na watu wengine. Nilitaka kumpigia simu, nikaiogopa sauti yake, nikaandika ujumbe. Na huo nao ni uoga, najua.

“Mama, usitoe kitu tena. Demo yangu ilikuwa video. Mashine yangu haijawahi kuiweza. Salamu zako hazikuwa na kosa lolote. Nilijua kosa liko wapi, nikakuficha.”

Tiki zikawa za buluu hapo hapo. Halafu ikawa anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Mvua ilikuwa imekatika na nje wenye malori walikuwa wanagombana kuhusu foleni. Nilijiandaa kwa maswali ya sherehe, ya kura, ya yule aliyecheka. Nilikuwa na majibu tayari kwa yote hayo.

Hakuuliza lolote kati ya hayo. Aliandika: “Sasa mzee yangu, mimi nilitoa bure?”

Nikaandika maelezo. Nikaandika kuhusu mishono inayochorwa upya, na ile mistari mitatu minne, na kwamba kadi si bado anayo, tunaweza kupima tena, safari hii hata haitachukua mwezi. Yalikuwa marefu. Nikayasoma, nikaona ninamfundisha, nikayafuta yote.

Nikaandika: “Ndiyo, mama.” Nikatuma.

Amesoma. Hajajibu mpaka sasa hivi, na sitamwandikia tena kumharakisha. Asubuhi ninakwenda Tororo. Kama ataniruhusu kuigusa kadi ya mzee, nitalipima jina lile mwanzo hadi mwisho, nukta moja moja, yeye akinitazama na wateja wake wakinitazama. Kama hataniruhusu, nitamrekebishia ile mistari na kuondoka. Duka lake lina viti viwili, cha kwake na cha mgeni. Asiponipa cha mgeni, nitasimama.