Neno Moja, Wenyewe Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Kazi mpya. Wodi ya kusafisha damu inataka wagonjwa wa figo wathibitishe vitanda vyao wenyewe. Mpaka sasa nesi huwapigia simu mmoja mmoja, siku moja kabla – "kesho unakuja?" – wagonjwa sitini na wanne, koo moja. Sasa kila mtu atapata meseji yenye linki. Ukiibonyeza, programu yetu inafunguka palepale kwenye kitufe cha NITAKUJA. Asiyethibitisha hadi saa sita mchana wa siku ya kabla, kitanda chake anapewa aliye kwenye foleni ya kusubiri.

Sehemu yangu ni hiyo linki. Linki za kawaida huanza na herufi za wavuti. Yetu itaanza na neno letu wenyewe. Simu ikiliona inauliza humo ndani: nani anaitika jina hili? Programu yetu inaitika: mimi! Basi. Nimechagua neno – zamu. Fupi, halisahauliki. Mkuu wa kampuni yetu kapiga meza kwa furaha.

Profesa hakupiga meza. (Mwenzangu wa meza ya pili. Tunamwita hivyo kwa miwani yake na maneno ya kupima kijiko kwa kijiko.) Anasema neno kama hilo halina hatimiliki. Yeyote anaweza kujiandikisha nalo, na simu haitajua mwenye nalo ni nani. Bora tutumie anwani ya hospitali yenyewe, hiyo hakuna wa kuidai. Lakini hiyo inataka barua, na barua hospitalini hukaa wiki tatu. Mkuu anasema tuna wiki moja.

Mimi nikasema: nani mwingine duniani atalitaka neno zamu? Wakacheka. Tukaendelea.

Alhamisi, 6 Machi

Inafunguka! Simu sita za ofisini, zote. Kwanza ilikataa – meseji haikubali kulipaka buluu libonyezeke neno isilolijua. Nikapitishia kwenye ukurasa mdogo wa wavuti, ukurasa ndio unaoliita neno. Bonyeza – pap! Nimebonyeza labda mara mia. Mkuu kanisifu mbele ya watu.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa Mjomba. Bado ana meza yake ya saa sebuleni, kibano na kioo cha jichoni, ingawa mikono siku hizi inatetemeka. Jumanne na Ijumaa yuko kwenye mashine saa nne nzima. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimemletea mdomo au mkono, yaani soga au kazi. Mkono, nikasema. Nikamwekea programu yetu.

Simu yake imejaa picha za mashine za saa, na mchezo mmoja wa dama. Anaucheza na wenzake wa wodini, kitanda kwa kitanda, kila mtu na sindano yake mkononi. Mpinzani wake mkubwa ni Kapteni – dereva mstaafu wa lori, jina kalipata kwa kofia yake asiyoivua hata kitandani. Mjomba anadai amemla mara arobaini. Kapteni anadai ni Mjomba anayeliwa.

Linki sikuijaribu kwake. Ilishakubali ofisini, na nilikuwa na haraka.

Jumatatu, 10 Machi

Tumeanza. Wa kesho ni thelathini na wawili. Waliothibitisha ishirini. Mkuu kasema si haba kwa siku ya kwanza, watu wanahitaji kuzoea. Nesi aliyekuwa anapiga simu ameshahamishiwa wodi ya wazazi.

Jumanne, 11 Machi

Mjomba karudishwa mlangoni. Kitanda chake kilikuwa na mtu.

Kanipigia simu akiwa amekaa kwenye benchi la nje. Anasema alibonyeza. Nikamwambia, Mjomba, kompyuta haisemi uongo, hukubonyeza. Akasema labda. Nikamwambia ungevaa miwani. Akasema sawa, mpwa wangu.

Nilimfokea. Mtu aliyenilea tangu darasa la tano.

Jumatano, 12 Machi

Nimeomba ruhusa, nimekwenda kwake. Miguu imevimba, kidole kinaacha shimo. Nikamwambia anionyeshe alivyofanya Jumatatu. Akachukua simu, akatafuta meseji, akabonyeza. Miwani kavaa.

Ikafunguka dama.

Juu ya ubao maandishi ya kijani: ZAMU IMEPOKELEWA. SUBIRI.

"Si unaona?" akasema. "Imepokea. Nami nikasubiri."

Nikakaa kwenye kigoda. Ule mchezo nao umejiandikisha na neno lilelile. Mwenzako akicheza, unaletewa linki: zamu yako. Kabla hatujaja sisi walikuwa wanalitumia. Mjomba anasema Jumatatu simu ilimuuliza afungue kwa kipi, hiki au kile, mara hii tu au kila mara. Akachagua anachokijua. Kila mara.

Nikauliza wangapi wodini wana dama. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa majivuno kabisa. Kumi na mmoja, na yeye wa kumi na mbili. "Wote nimewawekea mimi. Watu walikuwa wanakufa kwa kuchoka mle ndani."

Thelathini na wawili toa ishirini. Kumi na mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mkuu. Nikaeleza yote. Profesa kasimama nyuma yangu – hakusema "niliwaambia". Afadhali angesema.

Dawa ni ndogo mno! Kitufe cha NITAKUJA kiwekwe kwenye ule ukurasa wa wavuti wenyewe, programu isihitajike. Nimeandika kwa dakika hamsini. Mkuu kaangalia, kasema kazi nzuri, lakini isitoke leo. Mkutano na hospitali ni Jumatatu. Tukirekebisha leo, anasema, tumekiri. Tuwape muda wazoee. Nikamwambia meseji za kesho zimeshatoka. Akasema nisimpandishie sauti.

Nilirudi mezani. Saa tano na nusu. Kwenye orodha majina kumi na mawili hayana alama. Nina ufunguo wa seva. Naweza kuweka alama kwa mkono wangu.

Niliweka moja. Ya Mjomba.

Kidole kilikuwa juu ya ya pili. Nikawaza: mmoja Mkuu hataona, kumi na wawili ataona. Mkuu akapita nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Nikafunga orodha. Nikajiambia nesi wa zamu atawapigia tu, hawezi kuwaacha.

Saa sita ikapita.

Ijumaa, 14 Machi

Mjomba kapata kitanda. Kasafishwa, kapungua, sauti imerudi.

Analalamika hana wa kucheza naye. Wodi imejaa wageni, anasema. Kapteni kaonekana mlangoni asubuhi, kazungumza na nesi, kavua kofia, kaivaa, kaondoka. Mara ya pili wiki hii. Mjomba kampungia mkono kutoka kitandani. Hajui kama alimwona.

Nimempigia Mkuu, hakupokea. Nimempigia nesi wa zamu. Kaniambia kwa upole kwamba orodha inatoka kwetu, yeye hana mamlaka ya kuongeza jina. Kama ni dharura mgonjwa aje mapokezi. Nikamwomba namba ya Kapteni. Hairuhusiwi, dada.

Namba ninayo. Ipo kwenye seva. Nimeitazama mpaka kioo kikazima. Ningemwambia nini? Mimi nani?

Jumapili, 16 Machi

Kapteni amefariki. Alfajiri, nyumbani kwake, maji yamejaa kwenye mapafu.

Mjomba kaniambia kwenye simu, akakata.

Jumatatu, 17 Machi

Rekebisho limetoka. Mkuu kalitoa mwenyewe saa moja asubuhi, kabla sijafika. Maelezo yake: "maboresho madogo ya muonekano." Mchana, wote thelathini na wawili – hapana. Thelathini na mmoja. Wote wamethibitisha.

Mkuu karudi kutoka hospitalini akipiga mluzi.

Jumatano, 19 Machi

Hospitali inataka taarifa. Kwa nini mgonjwa alikosa zamu mbili mfululizo. Mkuu kaiandika. Ukurasa mmoja, safi: meseji zilifika, kumbukumbu zinaonyesha mgonjwa hakuthibitisha. Kila neno ni kweli. Nimeisoma mara tatu nikitafuta uongo, sikuupata. Uongo uko pale pasipoandikwa kitu.

Inataka saini ya aliyetengeneza linki.

Nikasema nataka kuongeza aya moja. Mkuu hakukasirika. Kageuza kompyuta yake nione: orodha ya Alhamisi ile. Alama moja iliyowekwa kwa mkono, saa tano na dakika thelathini na nne, kwa jina langu. "Huyu ni mjomba wako, sivyo?" Akauliza kama nataka na hiyo iingie kwenye aya.

Nilitia saini.

Profesa aliniona. Kavua miwani, kaifuta, kairudisha. Jioni meza yake ilikuwa tupu – hata kile kikombe chenye kalamu. Hakuaga mtu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekaa na Mjomba wodini. Kitanda cha Kapteni kina mama mmoja anayefuma sweta kwa mkono mmoja. Mjomba hachezi. Nikamuuliza simu yako iko wapi, akasema ameifuta ile dama.

Halafu kwa sauti ndogo kaniuliza: kweli ile dama iliwapeleka siko? Mmoja wa wale kumi na mmoja kamwambia. Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Mashine ikaendelea kuzungusha damu yake.

"Mimi nilimwekea," akasema. "Hakutaka. Alisema macho yake mabovu. Nikamng'ang'aniza."

Nikamwambia si kosa lako. Akasema la nani basi?

Nesi akaja kupima presha.

Jumapili, 23 Machi

Nipo kwa Mjomba, jikoni. Naandika huku kasimama sebuleni, namsikia. Tangu saa mbili kavaa koti la harusi yangu. Viatu vimekataa kuingia, kavaa kandambili, kazipiga brashi hata hizo.

Anakwenda kwa mjane wa Kapteni kuomba radhi. Kanipigia jana nimsindikize, maana atahitaji mtu wa kueleza hayo mambo ya simu vizuri. "Wewe ndiye mtaalamu, mpwa wangu. Mimi nitasema kosa ni langu, wewe utamweleza lilivyotokea."

Nikasema sawa.

Jana nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anakula. Mara ya pili nilianza – Mjomba, lile neno nililichagua mimi – akadhani namfariji. Kanipiga-piga begani. Kasema nina moyo mzuri kama wa marehemu mama yangu, nisijibebeshe mizigo ya wazee.

Alhamisi ile nilikuwa na majina kumi na mawili. Hilo sijalitamka hata peke yangu.

Anaita. Teksi imefika. Anasema tukichelewa tutamkuta mama wa watu na wageni, na maneno haya hayasemwi mbele ya wageni. Nimemwambia dakika moja, natafuta mkoba. Mkoba ninao begani.

Anaita tena. Sasa amefungua mlango wa jikoni, ananyoosha mkono nimshike, ngazi za nje zinamsumbua –