Goti la Netiboli, Goti la Salamu

Jumatatu, 7 Mei 1973
Mfuko wa mchanga mguuni. Nyoosha, shikilia, shusha. Tena. Paja la kulia bado jembamba, naona aibu hata kulitazama. Daktari wa misheni alipotoa kile kipande cha gegedu kilichochanika gotini, Desemba, alisema paja ndilo litakalobeba goti. Basi nalinenepesha paja. Mchanga wenyewe Projest aliuleta kutoka Kemondo, alikokwenda na lori la kahawa. Alilalamika mpaka mlangoni. Ndiye mume wangu huyo, hufanya kila kitu na hulalamikia kila kitu.

Mama mkwe akaja na jani la mgomba lililopashwa moto, akanikanda kama kila asubuhi. Nyumba yake ipo hapo ng'ambo, kibanja, yaani shamba letu la migomba, ni kimoja. Nikamsalimu nimesimama. Mke wa Kihaya, nasalimu mama mkwe nimesimama wima kama polisi! Yeye mwenyewe aliniruhusu nilipotoka hospitali. "Mgonjwa hapigi magoti, mwanangu." Nampenda mama huyu. Sijawahi kumwambia.

Alhamisi, 17 Mei
Nimekimbia! Kutoka darasa la nne hadi shamba la mihogo la shule, na kurudi. Watoto wakashangilia. Mwalimu mkuu akajifanya hakuona. Goti likienda mbele haliumi. Kugeuka ghafla bado naogopa. Nimelia kidogo chooni kwa furaha, nikanawa uso, nikaenda kufundisha hesabu.

Mwisho wa Juni walimu wa huku Muleba watacheza netiboli na wa Bukoba mjini. Nataka kuwa senta. Nilikuwa senta kabla goti halijachanika, na sijui kucheza pengine.

Jumamosi, 2 Juni
Siku nzuri imeharibika.

Tulicheza na akina mama wa kijiji cha ujamaa, tukawashinda. Nikarudi nyumbani naimba, raba mkononi, jasho tele. Mama mkwe alikuwa na wageni, dada yake mkubwa kutoka Kashozi na wanawake wawili wa kanisani. Nikaingia, nikawasalimu. Nimesimama. Kwa mazoea tu, Mungu anajua.

Mama mkubwa akatazama raba, akatazama goti. "Si huyu tuliyesikia anashangiliwa huko uwanjani?" Kisha kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, heshima ya kila aliyekaribishwa, kikazunguka. Kila mtu alipewa. Kilipofika kwangu, mama mkwe akakifunika.

Mawe, mama yangu! Sijui hata nilitokaje mle ndani.

Jumapili, 3 Juni
Leo hakuna jani la mgomba. Hakuja. Kanisani alikaa mbele kabisa, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Projest anasema niache netiboli mpaka goti likubali kupiga magoti. Nikamkumbusha maneno ya daktari. Kukimbia ni sawa, kuruka ni sawa polepole. Lakini kupiga magoti ni kulikunja lote na kuliegemea, na hilo huenda lisiwezekane tena. Alikuwepo, alisikia. "Basi mwambie mama," akasema. Nikamjibu mama ni wake, amwambie yeye. Tumenuniana hadi sasa.

Ukweli ni kwamba naogopa. Mke asiyepiga magoti mwaka huu ni mgonjwa. Asiyepiga magoti maisha yake yote ni nani? Kwa hiyo tangu Desemba nimenyamaza, na mama anangoja nipone.

Jumatano, 6 Juni
Habari imefika mpaka kisimani. "Mwalimu uwanjani anaruka kama mbuzi, akifika nyumbani goti linakufa." Wana maneno hao! Angesemwa mtu mwingine ningecheka.

Nimechaguliwa senta. Sikufurahi hata nusu ya nilivyodhani. Nilitaka kumwambia mama kwanza.

Jumapili, 10 Juni
Baada ya misa nilijifungia chumbani. Nyasi mpya sakafuni, laini. Nikasema leo nitapiga magoti, liwalo na liwe. Goti likafika nusu, likagoma. Nikalilazimisha. Kitu kikakwama ndani, nikaanguka upande, sikuweza kuinuka. Nikabaki pale, mtu mzima, nimejikunja kama mtoto.

Nikaita. Nilimwita Projest. Aliyesukuma mlango hadi komeo likang'oka ni mama.

"Unafanya nini hapo chini?"

"Najifunza kukusalimu, Mama."

Akaketi kwenye nyasi kando yangu. Nikamwambia yote, ya daktari, ya kukunja na kuegemea, ya huenda nisipige magoti tena kamwe. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilidhani kwa wenzako goti limepona, na mimi umeniachia ugonjwa." Nililia vibaya sana, kamasi na yote. Akanifuta kwa ncha ya kanga yake. Akasema mimi ni mjinga, shule zote hizo na bado mjinga. Naye alikuwa analia.

Kuhusu dada yake na watu wa kisimani hakusema neno. Sikuthubutu kuuliza.

Jumanne, 12 Juni
Limevimba. Nimejitakia. Siwezi hata kuandika ubaoni kwa muda mrefu. Mama amenipiga marufuku kuteka maji, kulima, na kumjibu. Kocha anasema ikifika wiki ya mwisho hali ni hii, senta atatafutwa mwingine.

Jumamosi, 23 Juni
Uvimbe umeshuka. Nimekimbia mbele, nikageuka kushoto, nikageuka kulia. Halikulia. Kocha akaniangalia akasema haya. Haya! Neno moja tu, ningeweza kumbusu.

Jumamosi, 30 Juni
Bukoba. Nimecheza mwanzo hadi mwisho. Niligeuka bila kufikiri, na mpira ulipokwisha kunitoka mkononi ndipo nikakumbuka kwamba nina goti. Wametushinda. Sijali. Uongo, najali sana, yule mrefu wao alikuwa anasukuma na refa kipofu.

Tumelala Rwamishenye kwa mwalimu mwenzetu. Kesho nyumbani. Mama mkubwa wa Kashozi yupo, amekuja kukaa wiki nzima. Namwogopa yule bibi kuliko nilivyoogopa mechi.

Jumapili, 1 Julai
Nimefika jioni. Walikuwa wawili mlangoni, mama na dada yake, wanachambua maharage. Nikaweka mfuko chini. Mama mkubwa akaacha kuchambua, akangoja.

Nilikuwa nimekwisha kuamua njiani. Sitamwaibisha mama mara ya pili. Nikakunja kanga, nikaanza kushuka.

Mama akainuka ghafla, ungo ukaruka, maharage yakatapakaa uani. Akanidaka kwapani kabla sijafika chini, akanisimamisha, akanikumbatia kifuani. Hakuniachia upesi. Juu ya bega langu akamwambia dada yake, kwa Kihaya, taratibu, kwamba salamu za mkwe huyu ni zake yeye, naye amekwisha kuzipokea.

Mama mkubwa aliinama akaanza kuokota maharage, na mimi nikainama kumsaidia, kiuno tu, mguu umenyooka. Akanisogezea ungo.

Mama akasema nanuka vumbi na jasho, niende nikaoge. Maji yalikuwa tayari bafuni, ya moto.